Alama Nyekundu kwenye Sura ya Tisa

Chumba chao kilikuwa cha mwisho kwenye korido, na kilipelekwa huko makusudi kwa sababu ya mashine. Mashine ya nukta nundu haitumii wino. Inagonga karatasi nene kwa visindano mpaka maandishi yanatuna juu kama vipele, ili mtu asiyeona ayasome kwa vidole, na ikishaanza kazi ni kelele tupu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu wa vyumba vingine walilalamika mwaka mzima. Mwishowe walipewa mlango mzito wa mbao, na waliobaki ndani wakapewa pole.

Waliobaki ndani walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kucheka, ambaye ofisi nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya shule upya kwenye kompyuta ili vigeuzwe kuwa nukta nundu. Wa pili alikuwa Mwalimu. Aliwahi kufundisha hesabu miaka kumi na saba kabla macho hayajamzimikia kabisa, na sasa akiwa anakaribia sitini alisoma kwa vidole kila ukurasa kabla haujaenda kuchapwa, akasahihisha, kisha akagonga muhuri wake kwamba kitabu kiko sawa.

"Mungu alininyima macho," alipenda kumwambia, "akaona haitoshi, akakuleta wewe Chiriku unimalizie na masikio."

"Ushukuru, Mwalimu. Bila mimi ungepiga soga na nani humu? Na mashine?"

"Mashine angalau karatasi zikiisha inanyamaza."

Walipatana hivyo, kwa kutaniana. Yeye alimsomea barua zake, Mwalimu akamsaidia mwanawe wa kike hesabu kwa simu. Chai walikunywa pamoja, naye Mwalimu aliijua sukari ya Chiriku kwa kusikia kijiko kinavyozunguka. "Vijiko vitatu tena! Utakuja kuwa kama mimi," alimwambia, maana miaka miwili nyuma daktari alikuwa amemwambia ana kisukari.

Mwaka ule ofisi ilileta programu mpya ya kutunza kazi. Fundi wa kompyuta, bwana mrefu aliyebeba kiunoni funguo nyingi kuliko milango ya jengo, alikuja kuwaeleza. Kazi yote, alisema, itakaa kwenye ghala moja ndani ya kompyuta kubwa iliyo chumbani kwake. Kila mtu atakuwa na nakala yake hapa mezani. Ukibadilisha kitu kwenye nakala yako, ghala halina habari mpaka uipeleke. Ukishapeleka, ghala linakumbuka ya leo, ya jana na ya mwaka jana. Na kujua umepeleka au hujapeleka ni rahisi: unafungua folda, unayatazama mafaili yalivyojipanga, na kila faili limebandikwa kialama kidogo pembeni. Tiki ya kijani maana yake lililo hapa na lililo ghalani ni sawasawa. Alama nyekundu ya mshangao maana yake umelibadilisha na hujalipeleka. Alama ya kuuliza maana yake ghala halijawahi hata kulisikia.

"Ni kutupa jicho tu," alimaliza fundi. "Hata mtoto anaweza."

"Mtoto mwenye jicho la kutupa," alisema Mwalimu.

Fundi aliona haya. Mwalimu alitumia kompyuta kwa masikio: sauti ndani ya spika ilimsomea kila alichogusa. Walipojaribu, sauti ile ilisoma vizuri, "Sura ya saba. Sura ya nane. Sura ya tisa," lakini kile kialama cha pembeni haikukitaja, kana kwamba hakipo. Fundi alikuna kichwa. Akasema lazima kuna njia ya kuifundisha ikisome, ataliangalia wiki hii hii. Ilikuwa wiki ndefu kweli, maana iliingia mwezi, mwezi ukaingia mwingine.

"Usijisumbue, Mwalimu," alisema Chiriku. "Mimi si nipo?"

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku saa kumi jioni Mwalimu alipeleka kazi yake ghalani, akakunjua fimbo yake nyeupe, akasimama. Kabla hajatoka aliuliza, "Zote kijani?" Chiriku aliinama juu ya kompyuta ya Mwalimu, akaangalia, akajibu, "Zote kijani." Siku za mwanzo aliangalia kwelikweli, faili moja moja, pua karibu iguse kioo. Mara mbili alikuta jekundu, akamwambia, na Mwalimu akakaa tena kitini, akalipeleka bila kunung'unika. Lakini jambo la kila siku lina namna yake ya kuzoeleka. Baada ya miezi michache swali lile lilikuwa kama salamu, na salamu mtu huijibu "nzuri" hata kama amekesha na jino.

Walikuwa wakitengeneza kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Sura ya tisa ilimtesa Mwalimu kuliko zote. Ilikuwa ya mafumbo, na programu ya kugeuza maandishi ilikuwa na tabia ya kudondosha alama ya namba. Katika nukta nundu namba hazina sura zao wenyewe. Zinaazima herufi, na mbele yake inawekwa alama ya kusema hizi ni namba. Alama ikidondoka, ishirini na tano inabaki kuwa "be", na kumi na nne inabaki kuwa "ad". Mwalimu alikaa na sura ile wiki tatu. Vidole vyake viwili vya kulia vilipita kila mstari, vikarudi, vikasimama, kisha mkono ukaenda kwenye kibodi.

"Nimemkamata mwingine," alisema, kama mtu anayeua chawa.

Ijumaa moja walitangaziwa kwamba kompyuta zote za zamani zingeondolewa Jumatatu asubuhi na kuletwa mpya. Kila mtu ahakikishe kazi yake imefika ghalani, maana kitakachobaki kwenye mashine za zamani ndiyo basi tena. Mchana wa siku hiyo hiyo Mwalimu alimaliza sura ya tisa. Alinyoosha mgongo mpaka kiti kikalia.

Chiriku hakuwa anasikiliza. Dada yake alikuwa amempigia simu. Walikuwa wakibishana juu ya mapazia ya sebuleni kwa mama yao, yawe ya maua au yasiwe, na nje mawingu yalikuwa yametanda meusi na yeye alikuwa amefua mashuka yote asubuhi, yako kambani. Saa kumi ilipofika alikuwa tayari mlangoni, mkoba begani, simu sikioni.

"Chiriku, nimepeleka. Zote kijani?"

Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa hatua nne kutoka mlangoni, kioo kikiwa kimeelekea dirishani.

"Zote kijani, Mwalimu. Jumapili njema!"

Mashuka yalinyeshewa vilevile.

Jumatatu kompyuta za zamani zilikwenda, mpya zikaja, kila mtu akachota nakala yake ghalani. Kitabu kilichapwa, kikafungwa, kikapigwa muhuri wa Mwalimu, nakala mia tatu zikaenda shuleni.

Miezi minne baadaye ilikuja barua. Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya wasioona aliandika kwa adabu kwamba kitabu ni kizuri ila sura ya tisa imewashinda. Wanafunzi wake wamesoma, "Mkulima ana mbuzi be. Akiuza ad, atabaki na wangapi?" Sasa wanamuuliza mbuzi be ni mbuzi wa aina gani. Aliorodhesha makosa kurasa tatu nzima.

Barua ile ilipitia mezani kwa Chiriku kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma barua zote za chumba kile. Aliisoma kimoyomoyo mpaka mwisho. Alifungua folda kwenye kompyuta yake mpya. Mafaili yote yalikuwa kijani, ya kijani kibichi kabisa. Akaomba programu imwonyeshe historia ya sura ya tisa: nani aliipeleka ghalani na lini. Mara ya mwisho ilikuwa wiki tatu na siku moja kabla ya ile Ijumaa. Baada ya hapo, hakuna kitu. Kazi yote ya Mwalimu katika sura ile haikufika. Labda kila jioni faili lilikuwa bado wazi alipopeleka, programu ikaliruka, ikatoa onyo kwa kipicha ambacho sauti haikisomi. Kwa vyovyote, Ijumaa ile pembeni ya sura ya tisa palikuwa na alama nyekundu, nayo ilikaa pale ikisubiri mtu mmoja tu mwenye macho katika chumba kile ageuze shingo.

Aliinua uso. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, anapuliza chai.

"Barua ya nani hiyo, mbona leo hunisomei?"

"Ya mkurugenzi," alisema Chiriku. "Nampelekea."

Kikao kilikuwa mchana. Mkurugenzi, mama wa makamo asiyepandisha sauti hata akikasirika, aliweka kitabu mezani na barua juu yake, akaisoma mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye mbuzi be hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, muhuri ni wako. Sura hii uliisoma?"

"Niliisoma, mama. Wiki tatu."

"Na makosa haya hukuyaona?"

"Naona kama niliyaona. Naona kama niliyasahihisha moja moja." Alisita. "Ila kama niliyasahihisha yangekuwa wapi?" Aligeuza uso upande alikosikia kiti cha Chiriku kikilia. "Chiriku, ile Ijumaa ya mwisho, kabla hawajachukua mashine. Faili lilikuwa kijani, sivyo?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Alipajua wakati uleule, wala hakuhitaji kuja kupajua baadaye. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na mkurugenzi alikuwa anamtazama. Akawaza: nitamwambia mwenyewe baadaye, tukiwa wawili.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Lilikuwa kijani."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Aliweka mikono juu ya meza, akavisugua vidole vyake viwili vya kulia kwa gumba.

"Basi ni mimi," alisema. "Daktari aliniambia. Alisema sukari ikishika, inaanza na ncha za vidole. Inaondoa hisia kidogo kidogo, na mwenyewe hujui. Nilidhani bado."

Mkurugenzi alisema maneno ya kutuliza, na alikuwa mkweli katika maneno yale. Angetafutiwa kazi nyingine, ya kupokea simu labda. Mwalimu alishukuru, akasema kazi ya kupokea simu hataiweza, atajibu kama anaita mahudhurio. Mwisho wa mwezi aliaga. Chiriku alimsindikiza mpaka getini akiwa amembebea mfuko wake, akajikaza aseme, na alichosema kilikuwa, "Utatutembelea, Mwalimu?"

"Nitakuja kusikiliza kelele zenu," alisema. Hakuja.

Mkataba wa Chiriku uliongezwa. Kitabu kilibandikwa karatasi ya masahihisho, kazi ya mtu mwingine, ya haraka haraka. Akaletwa msomaji mpya, mwanamke mkimya aliyeleta chai yake kwenye chupa kutoka nyumbani. Chiriku alikuwa akimwangalizia alama mara tatu kila jioni, mpaka yule mwanamke akauliza kama kuna mwizi. Soga zake zilipungua, watu wakaanza kumtania: "Chiriku siku hizi umeatamia?" Alicheka. Kila Jumapili alijiambia wiki hii nitakwenda kwake, na kila Jumatatu alipata sababu, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kueleza kwa nini hakwenda mwezi uliopita. Ikapita miaka miwili na miezi.

Siku moja simu ya ofisi ililia. Alikuwa mke wa Mwalimu.

"Mwanangu, wewe ndiye Chiriku? Nakukumbuka sauti. Sikia, nina makabati mawili ya vitabu vya nukta nundu humu ndani. Mzee anasema njooni mvichukue, viwafae wengine."

"Shikamoo mama. Yeye havisomi?"

"Marahaba. Asome na nini? Tangu aache kazi hajagusa hata ukurasa. Anasema vidole vimekufa. Mwanzoni nilimwambia, jaribu basi, hata mstari mmoja. Anasema hataki kujiaibisha mbele ya kitabu." Alishusha pumzi. "Alikuwa ananisomea kila jioni, unajua. Mimi napika, yeye anasoma. Sasa tunasikiliza redio."

Chiriku alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika. Miaka yote ile alidhani amemnyima mtu kazi. Hiyo alikuwa ameshajizoesha kuibeba. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu yule alirudi nyumbani akaamini uongo ule mpaka ndani ya mikono yake.

Alishuka kwa fundi.

"Zile kompyuta za zamani mlizipeleka wapi?"

Fundi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Nani ameuliza? Mkurugenzi?"

"Mimi."

"Ziko stoo. Zilitakiwa zifutwe, zikapigwe mnada. Sikuzifuta." Alianza kutafuta funguo. "Nilisema nitazifuta wiki ile."

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, hatua ishirini tu kutoka mlango mzito wa mbao. Waliikuta kompyuta ya Mwalimu chini ya viti vibovu, ina vumbi la kuandikia, na pembeni ya kibodi kile kipande cha plasta alichokibandika kujua mahali pa kuweka kidole. Fundi aliichomeka. Ilikoroma, ikawaka. Sauti ile ya zamani ikasema "Karibu" kwenye spika, wote wawili wakashtuka.

Chiriku alifungua folda. Mafaili yalijipanga kama yalivyoachwa Ijumaa ile, sura ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Tiki ya kijani, tiki ya kijani, zote chini mpaka sura ya nane. Kwenye sura ya tisa, alama nyekundu. Haikuwa ndogo kama alivyojiambia mara nyingi kwamba huenda ilikuwa ndogo. Alirudi nyuma hatua tano, mbali kuliko pale mlangoni siku ile, na bado aliiona vizuri.

Fundi aliiomba programu imwonyeshe tofauti ya faili lile na lile lililoko ghalani. Ilihesabu mahali sitini na mbili. Aliipitia ile barua ya shule, ambayo Chiriku alikuwa ametunza nakala yake kwenye droo, akalinganisha. Kila kosa aliloandika yule mwalimu wa kike lilikuwa limesahihishwa hapa, na mengine manne ambayo hata yeye hakuyaona.

"Sitini na mbili," alisema fundi. Alikaa juu ya boksi. "Hata ungesema siku ya kikao, kitu kilikuwa hapa hapa. Dakika tano, tungekuwa tumekipeleka." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi ile sauti sikuwahi kuishughulikia."

Mchana ule Chiriku aliingia kwa mkurugenzi akamwambia yote, amesimama, bila kukaa. Halafu akachapa sura ya tisa ya Mwalimu, kurasa arobaini na moja, akazifunga kwa kamba, na Jumamosi asubuhi akaenda kwake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ina kibaraza cha saruji kilichopigwa deki mpaka kinang'aa. Mwalimu alikuwa amekaa hapo, redio karibu na mguu, mikono magotini. Alikuwa amepungua. Kabla hajasalimiwa alisema, "Huyo ni Chiriku. Anatembea kama anayegombana na viatu." Akacheka, akafurahi kweli, akamwita mkewe alete kiti. Furaha ile ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote.

"Umekuja kuchukua vitabu?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kusema jambo. Naomba nilimalize ndipo unijibu."

Alisema. Alianza na mapazia na mashuka, akaona anajitetea, akarudi, akaanza na mlango. Mkewe alisimama na kiti mkononi, hakukiweka chini. Mwalimu alinyoosha mkono, akazima redio.

Alipomaliza, Mwalimu aliuliza kwa sauti ya darasani, swali moja baada ya jingine.

"Uliangalia?"

"Sikuangalia."

"Ulisema tu."

"Nilisema tu."

"Na kwenye kikao, nilipokuuliza mbele ya watu. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimejua tangu asubuhi."

Mwalimu alipapasa hewa mbele yake. "Lete."

Alimwekea kurasa magotini. Hakuzigusa mara moja. Alijipangusa mikono kwenye suruali, mara mbili, kama mtoto aliyeitwa ubaoni, kisha akashusha vidole viwili vya kulia juu ya mstari wa kwanza. Vilikwenda polepole, vikapotea, vikarudi. Midomo ilikuwa inacheza. Ilimchukua muda mrefu kufika chini ya ukurasa. Kwenye wa pili alisimama.

"Hapa," alisema. "Hapa palikuwa pameandikwa 'be'. Nakumbuka. Nilicheka." Akasoma kwa sauti: "Mkulima ana mbuzi ishirini na tano." Aliviinua vidole, akaviweka mbele ya macho yake yasiyoona. "Kwa hiyo vilikuwa vizima."

"Vilikuwa vizima, Mwalimu."

"Mama," alimwambia mkewe, "vilikuwa vizima."

Mkewe aliweka kiti chini, akaingia ndani. Walimsikia akifungua bomba, na maji yakaendelea kumwagika bila kusikika chombo chini yake.

"Ile ya Ijumaa," alisema Mwalimu baadaye, "ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Nani hajawahi kujibu bila kuangalia? Nimefundisha watu, nawajua. Lakini ile ya pili..." Alitafuta neno, akaliacha. "Kuna fundi cherehani alikuja hapa. Alikuwa amepofuka mwaka huo huo, mtu mzima, ana watoto. Aliambiwa mimi nitamfundisha kusoma. Alikuja mara mbili mpaka pale getini. Mara zote mbili nilimwambia akatafute mwenye vidole hai. Mara ya pili alinisihi. Nikamwambia, mimi mwenyewe sisomi, nitakufundisha nini? Sasa yuko wapi, sijui. Wamehama."

Chiriku alilia. Mwalimu alimsikia, hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia haidhuru.

"Kurasa hizi ziache," alisema mwishowe. "Na vitabu viache. Mwambie mkurugenzi sitoi kitu."

Ofisini Chiriku alipewa barua ya onyo, akahamishiwa meza ya kupokea vitabu, na akaona ni haki. Sura ya tisa ya Mwalimu ilipelekwa ghalani, ikachapwa upya na kutumwa shuleni pamoja na barua ya kueleza kosa lilikuwa la nani. Fundi alikaa siku mbili tu, siku mbili zenyewe si kamili, akaipata njia: sasa sauti ya kompyuta ikifika kwenye faili inasema jina na kisha hali yake, na yule msomaji mpya hana haja ya kumuuliza mtu.

Chiriku aliendelea kwenda kwa Mwalimu, Jumamosi moja moja. Alipokewa vizuri, alipewa kiti na chai. Mwalimu aliuliza habari za mtoto na hesabu zake. Hakumtania tena. Alimwita "dada", kama wanavyoitwa wageni, na Chiriku hakuwa na pa kulalamikia.

Mara ya nne au ya tano, mke wa Mwalimu alimsindikiza mpaka njiani.

"Anasoma," alisema mama yule. "Ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Ile sura yenu aliimaliza, sasa ameingia kwenye vitabu vyake."

"Nimefurahi, mama."

"Ndiyo." Walikwenda hatua chache. "Wiki iliyopita tulikuwa kliniki. Wamemchoma vidole kwa kisindano. Hivi viwili vya kulia hakuhisi kitu. Safari hii ni kweli. Daktari anasema vimekufa karibuni tu, huu mwaka. Sasa anajifunza kusoma kwa mkono wa kushoto, na huo nao daktari hakutuahidi."

Chiriku alisimama. Miaka miwili na miezi: alikuwa amezihesabu siku zake mara nyingi kwa ajili yake mwenyewe, jinsi zilivyomlemea. Sasa alizihesabu upya, jioni kwa jioni, mtu akiwa amekaa kibarazani na vidole vizima juu ya magoti, redio inasema, vitabu kabatini, mkewe anapika.

"Usisimame juani, mwanangu," alisema yule mama, na akageuka kurudi nyumbani kwake.